Mfungua Kilio

Kilio cha Fortunée kilikatwa katikati na kiganja kilichonukia kitunguu.

Henriette alikuwa jikoni aliposikia sauti ya kwanza ikipasua nyumba. Alikuja mbio, akamziba mgeni wake mdomo kabla hata ya kuuliza ni nani aliyekufa. Simu ilikuwa imeanguka sakafuni na bado ilikuwa inasema. Lakini kuta za maghorofa ya Newtown, mtaa wa Birmingham, ni nyembamba, na jirani wa chini, mtu mwema aliyezoea kuwashikilia mlango wa lifti, alikwisha kusikia. Akafanya lile ambalo mtu mwema hulifanya akisikia mwanamke anapiga ukelele katika nyumba ya watu: akawaita polisi.

Walikuja wawili, mwanamume na mwanamke. Mwanamume alikwenda na Séverin, mume wa Henriette, jikoni. Mwanamke aliketi na Fortunée kitandani, akamwuliza taratibu kama kuna mtu aliyempiga. Fortunée alikuwa na miaka kumi na tisa, na Kiingereza chake kilikuwa bado kichanga. Alitafuta namna ya kueleza alichokuwa akikifanya, asiipate. Akasema tu kwamba baba yake amekufa. Yule mwanamke akamshika bega, akampa pole, nayo ilikuwa pole ya kweli. Kisha wakaondoka. Séverin peke yake ndiye aliyebaki mezani, mikono yake imelala mbele yake kana kwamba bado anaulizwa.

"Makaratasi yetu ya kuishi hapa hayajarudi," alisema hatimaye. Hakusema kwa ukali. "Kelele moja tena kama ile, ma fille, binti yangu, tutaanza kueleza mambo yasiyoelezeka."

Fortunée alimwelewa. Watu hawa wa Bukavu, aliowaita Tonton na Tantine, mjomba na shangazi kwa Kifaransa, walikuwa wamempokea kwa ombi la kanisa, siku aliyofika Birmingham kutoka kambini na sanduku moja lililofungwa kwa kamba. Walimpa chumba cha mtoto wao Hugues, na Hugues wakamhamishia sebuleni. Mtu aliyekupa kitanda cha mwanawe huwezi kumwambia kwamba amekukosea. Hata hivyo Henriette alikuwa amemkosea, na kosa lile halikuwa dogo.

Katika ukoo wao, milimani juu ya Fizi, mashariki ya Kongo, baba akifa ni binti yake wa kwanza anayefungua kilio. Husimama uani, akajifunga kitenge kiunoni, akamlilia baba peke yake: amwite kwa majina yake yote, amkumbushe alichofanya, amgombeze kwa kuondoka. Wengine hutokwa na machozi, lakini sauti huwa ni yake. Akishafika mwisho ndipo ukoo mzima unampokea, na matanga yanakuwa matanga. Kilio kilichokatwa, husema watu wa huko, ni kaburi lililochimbwa nusu: humziki mtu ndani yake, na juu yake hulimi.

Baba yake alifia kambini Nyarugusu, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa amepewa nafasi ya kusafiri na binti yake, akaikataa. Alisema umri wa kujifunza baridi umempita. Jina lake Wilondja, fundi wa baiskeli, mtu aliyeimba akiziba pancha na aliyesimama mbele ya kila mtu siku ambazo mgawo wa unga ulipungua, akasema kwa sauti lile ambalo wengine walinong'onezana kwenye foleni. Mtu mwenye sauti kama ile, na sasa walikuwa wamemzika kimya.

"Mwili hausubiri, tumeuzika," shangazi yake alimwambia simu ilipounganishwa tena. "Lakini kilio tunakungoja wewe. Mama zako wadogo wamekaa tu hapa, wanajitazama mikono."

"Shangazi, huku hawalii hivyo."

"Huko ni wapi ambako watu hawafi?"

Fortunée alifumua nywele zake, akahamia kulala sakafuni kama mfiwa, na akaanza kutafuta mahali. Alijaribu kanisani, katika ukumbi waliokuwa wakikodi huko Perry Barr. Mchungaji akamwahi, akamkumbusha kwamba Mkristo halii kama wasio na tumaini. Alijaribu bustanini, chini ya mti, asubuhi ya mvua. Hakuwa amefikia hata jina la pili mwanamke mwenye mbwa alipomjia kuuliza kama anahitaji msaada. Alijaribu chini ya daraja, magari yakipita juu, na kijana mmoja alisimamisha baiskeli yake. Katika mji huu wote kila mahali palikuwa na mtu mwema aliye tayari kumnyamazisha.

Ndipo Henriette alipoamua. "Mtoto huyu atakufa na majonzi mikononi mwangu," alimwambia mumewe, makusudi Fortunée asikie. "Jumatatu ya sikukuu tunakwenda kwenye bustani ya burudani. Sote."

"Tantine, mtu wa matanga hachezi."

"Hapa si Fizi."

"Baba yangu ni wa Fizi."

"Bon," alisema Henriette. "Basi utakaa kwenye nyasi utazame wenzako."

*

Mwaka ule, 2007, mvua ilikula kiangazi karibu chote, lakini Jumatatu ile jua lilitoka. Henriette aliamka mapema akakaanga kuku na ndizi, akapakia sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwenye bakuli la kufunika, na chikwange, mkate wa muhogo, ndani ya taulo. Séverin alivaa suti yake ya kijivu na tai. Hugues, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja na aliyeelewa kila neno la Kiswahili lakini akajibu kwa Kiingereza tu, alimwambia baba yake kwamba duniani kote hakuna mtu anayekwenda kwenye bembea na tai.

"Mimi nakwenda," alisema Séverin, akawasha gari.

Bustani yenyewe ilikuwa nje ya mji, ikinuka sukari ya moto, mafuta ya chipsi na nyasi mbichi. Henriette alitandika kitenge, akapanga sahani kana kwamba askofu yuko njiani. Watu walipita wakitazama, wengine wakatabasamu. Séverin akawaitikia wote kwa kichwa, mmoja mmoja, kama mwenye harusi. Fortunée alikaa pembeni ya kitenge, kichwa chake kitupu, nywele hazijasukwa, akala tonge mbili kwa heshima ya mpishi.

"Cheka kidogo, basi," Henriette alimbembeleza. "Hata meno yako sijayaona tangu habari ije."

"Meno yapo, Tantine."

Séverin alikohoa kuficha kicheko.

Aliyemsimamisha Fortunée kutoka pale ni Hugues. Mtoto alitaka kupanda mlima wa chuma, ile reli iliyoinuka kuliko miti yote, ikapinda, ikaanguka hadi karibu na ardhi, na magari madogo yaliyofungamana yakipita juu yake. Sharti lilikuwa kwamba mtoto wa umri wake aandamane na mtu mzima.

"Montagnes russes?" Séverin alitikisa kichwa. "Mimi nimevuka Tanganyika katika boti la mbao, mawimbi kama nyumba. Sikuja Ulaya kuomba nitishwe tena."

"Mimi nina presha," Henriette akasema upesi. Kisha wote watatu wakamgeukia Fortunée.

"Hapana," alisema.

"Msindikize tu mpaka uzioni. Labda atapata mtu," alisema Henriette.

Akaenda, kwa sababu kumsindikiza mtoto si kucheza. Walisimama kwenye uzio, mlima wa chuma ukiwa juu yao, na hapo ndipo aliposikia.

Kusema kweli alikuwa akisikia tangu asubuhi, kama vile mtu anavyosikia soko bila kusikiliza bei. Sasa alisikiliza. Magari yalifika kileleni, yakatulia, yakaanguka. Na katika kiti cha mbele mwanamke wa rika la Henriette, mvi zake zimesimama kwa upepo, alikuwa akipiga ukelele. Haukuwa ukelele wa koo. Ulitoka tumboni, mrefu, wazi, usio na aibu, na ukawapita juu ya vichwa vyao kama kundi la ndege. Fortunée aligeuka kutazama ni nani atakayekuja mbio.

Hakuna aliyekuja. Mlinzi mwenye koti la manjano alikuwa ameegemea nguzo akila chipsi. Hakuinua hata macho. Mama mmoja aliendelea kumfunga mwanawe viatu. Magari mengine yakaanguka, na vilio vingine, na mlinzi akalamba chumvi kidoleni.

Fortunée hakuwa mtu wa kurukia jambo. Alitazama zamu ile, na iliyofuata, na nyingine baada ya hiyo.

"Hugues. Wale wanalia nini?"

Mtoto akamjibu kwa Kiingereza kwamba hawalii, wanafurahi.

"Na mtu akilia kweli kweli?"

Hugues aliinua mabega. Utajuaje, alisema.

Waliingia kwenye foleni. Ilikwenda polepole, na Fortunée alishukuru kwa hilo, kwa kuwa alikuwa na kesi ya kuamua. Je, si dhihaka kumlilia mzazi juu ya kitu cha kuchezea, kati ya watoto wenye pipi za pamba? Alijiuliza mama zake wadogo wangemwonaje. Lakini upande wa pili wa mizani palikuwa na baba mwenyewe, aliyeishi kwa sauti na ambaye sasa alikuwa akiondoka kwa mnong'ono kwa sababu binti yake aliogopa majirani. Ua ni pale mtu anaposimama akalia, alijisemea. Kama mji mzima umemnyima ua, na mahali hapa pamempa, basi hapa ndipo uani. Wanaojua kilio ni kitu gani hawapo hapa wamzuie. Na waliopo hawajui. Basi wao pia hawatamzuia.

Msichana aliyefungia watu vitini alikuwa na jina Balwinder kwenye beji yake. Alimwonyesha Fortunée kwa mikono kwamba kitenge alichojitanda kisiruke. Fortunée akakivua mabegani, akajifunga kiunoni, fundo mara mbili, akakaza mpaka pumzi ikakaa mahali pake.

"Uko tayari?" Balwinder alimwuliza.

"Ndiyo," alisema Fortunée, na ilikuwa mara ya kwanza tangu habari ije kujibu swali lile bila kusema uongo.

Mnyororo uliwavuta juu ukigongagonga. Nyasi zikawa mbali, Henriette na Séverin wakawa vidoa viwili juu ya kitenge chenye rangi. Kisha kukawa na utulivu mdogo, kisha dunia ikaondolewa chini yao.

"Wilondja!"

Sauti ilitoka kabla hajaiita. Ilikuwa pale pale ilipoachwa, nzima, haikuwa imeoza. "Wilondja mwana wa Etungano! Baba! Fundi wa magurudumu ya watu! Umeniacha na nani? Umenituma mbele halafu umegeuka nyuma, ndiyo safari gani hiyo, baba?" Upepo ulimjaa kinywani akaurudisha. Aligombeza, aliita, aliomboleza kwa ule mlio unaopanda mwishoni kama swali, jinsi alivyomsikia mama yake akimlilia babu. Na nyuma yake, kwenye kona ya kwanza, viti vyote vikampokea. Wanaume, wanawake, watoto, watu asiowajua na wasiomjua Wilondja, walipaza sauti zao juu ya sauti yake. Desturi inasema mmoja hufungua, wengine hupokea. Akaongeza sauti, nao wakaongeza.

Kisha magari yakasimama polepole kwenye jukwaa, na ikaisha, naye hajafika hata kwa majina ya mama yake baba.

Mwanamume wa kiti cha nyuma alicheka, akamwambia kwamba ana mapafu ya kweli. Hugues hakucheka. Alishuka uso wake umepauka kama karatasi, akakimbilia kwa wazazi wake, na Fortunée alipofika penye kitenge aliwakuta wote wamesimama.

"Mtoto anasema ulikuwa unalia," alisema Henriette.

"Nilikuwa nalia."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Kilio hakifanywi nyuma ya watu, Tantine."

"Mon Dieu." Henriette alishika kiuno. "Nimekaanga kuku tangu alfajiri ili mtu asahau, naye ameleta msiba kwenye bembea!"

Séverin alikuwa ameanza kukunja kitenge, sahani zikigongana. "Tufungashe. Tunakwenda nyumbani."

"Nendeni, Tonton. Nitawafuata kwa basi."

"Nimesema tunakwenda."

Fortunée alihisi magoti yake yakitaka kutii. Miezi yote ile yalikuwa yametii; yalikuwa magoti ya mgeni. Akayakaza.

"Nimekula chumvi yako, Tonton, na sitasahau. Nikikuasi leo, nitapiga magoti kesho kukuomba msamaha. Lakini leo sishuki katikati. Mara moja mmenikata, nikanyamaza kwa ajili yenu. Hii ya pili ni ya baba yangu."

Hakuna mtu aliyewahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Kabla Séverin hajajibu, kivuli kiliangukia sahani. Yule mlinzi wa koti la manjano alikuwa amekuja, karatasi ya chipsi bado mkononi.

Séverin alinyooka. Mkono mmoja ulikwenda kwenye tai, mwingine kwenye mfuko wa ndani wa koti, ulikokaa ushahidi wote kwamba yeye ni yeye. Mlinzi aliuliza kama mambo yote ni sawa. Kisha akamwelekezea Fortunée kidevu: ni huyu dada ndiye alikuwa akipiga kelele kule juu?

Henriette alimshika Hugues bega. Fortunée alitazama mbele, mdomo wazi kidogo, tayari kusema kweli yote kwa Kiingereza chake kibovu, liwalo na liwe.

"Ndiyo, ni huyu," alisema Séverin, kwa Kiingereza safi na cha polepole. "Anaipenda sana ile."

Mlinzi alifurahi. Alisema ndiyo kazi yake ile, mtu atoe kila kitu. Akamsifu kuku kwa harufu yake, Henriette akampa paja kwenye leso, naye akaenda zake akilitafuna.

Séverin alitazama mlima wa chuma kwa muda, kutoka mguuni hadi kileleni, kama mtu anayekagua nyumba asiyokusudia kuinunua.

"Nenda umalize," alisema. "Lakini mtoto mwache hapa. Na mimi usiniombe nipande."

"Aksanti, Tonton."

"Usinishukuru. Nenda, foleni inarefuka."

Alikwenda akarudi, akaenda tena. Kila zamu aliendelea pale alipoachia. Alimlilia baba wa Fizi, kabla ya vita, mwenye shamba na mke. Akamlilia baba wa boti na baba wa kambi. Akataja baiskeli alizotengeneza bila kulipwa, na majina ya waliokuwa wenye baiskeli. Akamsema kwa ubishi wake, kwa kuikataa safari. Balwinder alimzoea, akawa mwenyewe anakagua fundo la kitenge chake bila kuuliza. Na kila mara kwenye kona ya kwanza Birmingham ilimpokea, kwa nguvu zake zote, bila kujua na bila kukosea.

Ilipofika zamu ambayo maneno yalimwishia, alijua. Hapakuwa na wepesi wowote. Palikuwa na uzito uliokaa mahali pake, kama mzigo uliopangwa vizuri kichwani. Kesho angempigia shangazi na kumwambia waanze.

Alikuwa akielekea njia ya kutokea alipomwona Henriette ndani ya foleni. Alikuwa amevua viatu vyake vya kisigino, amevishika mkononi, na kilemba chake amekifunga upya, chini, kama mfanyakazi wa shamba. Watu walimpisha kidogo kwa ajili ya uso wake.

"Tantine? Na presha?"

"Presha nimeiacha na Séverin, anaichunga pamoja na sahani." Alijaribu kucheka, ikamshinda. "Mama yangu tulimzika msituni tukikimbia vita, njia ya Shabunda. Hatukulia. Waliokuwa wakitutafuta walikuwa karibu sana, tulisikia vikohozi vyao. Tukamfunika kwa majani, tukaendelea kutembea. Tangu hapo naendelea tu."

Fortunée aligeuza mwili, akarudi kwenye foleni karibu naye.

"Weye umeshamaliza," alisema Henriette.

"Nimemaliza changu. Mfungua kilio haachwi peke yake uani."

Balwinder aliwaweka kiti cha mbele. Chuma cha kuzuia kikashuka juu ya mapaja yao, na Henriette akakishika kwa mikono miwili. Mnyororo ukaanza kugongagonga. Chini, Hugues alikuwa amesimama karibu na uzio, mkono ameuinua. Baba yake alikuwa nyuma yake, tai imelegea.

"Naanzaje?" Henriette aliuliza. "Sijui kuanza. Mimi si wa kwanza kuzaliwa, wa kwanza alikufa."

"Anza kwa jina lake."

Henriette alifunga macho. Walipita miti, walipita paa za vibanda, na mbali kabisa, ndani ya ukungu wa joto, maghorofa ya mji yakajitokeza, madogo kama mawe yaliyopangwa na mtoto. Magari yakafika kileleni, yakatulia.

Ndipo akalitaja jina la mama yake, kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili na hana hakika kama yumo.

Reli ikainama.